Deni la Jukwaa kwa Wafu: Tamthilia ya Kinjeketile na Watu wa Kilwa

Katika pwani yetu ya Kilwa na Lindi marehemu hasemwi vibaya. Akitajwa, hutajwa kwa mema yake, na mabaya yake, kama yapo, huachiwa Mungu anayeyajua yote. Adabu hii imetulea, nasi hatuna nia ya kuibeza. Lakini ni adabu nzito kwa mtunzi wa tamthilia. Yeye humfufua marehemu pasipo kumpigia hodi, humvisha nguo, humtia kinywani maneno ambayo hakuna mwenye hakika kama aliyasema, kisha humsimamisha mbele ya watu ili atazamwe. Je, mtunzi ana haki hiyo? Kama anayo, mipaka yake ni ipi? Naye mwigizaji, na mwalimu anayefundisha kitabu darasani, na mtazamaji anayecheka kitini, kila mmoja wao ana deni gani kwa yule aliyelala kaburini?

Swali hili hatukulitoa katika vitabu vya wanafalsafa. Lilitufika ukumbini, tena kwa aibu.

Katika miaka ya 1980, tulipokuwa wanafunzi wa sekondari katika mkoa wa Lindi, tulichaguliwa pamoja na wenzetu kuigiza tamthilia ya Kinjeketile siku ya wazazi. Sisi tulipewa nafasi ya askari wa Wajerumani. Bunduki zetu zilikuwa vipande vya ubao vilivyopakwa masizi, na mlio wa risasi ulikuwa debe lililopigwa kwa fimbo nyuma ya pazia. Ilipofika zamu ya vita, wenzetu walitoka mbio wakipiga kelele za "Maji! Maji!", debe likalia, nao wakaanza kuanguka. Wanafunzi waliokaa mbele wakaangua kicheko. Wenzetu walipoona wanachekwa, wakanogewa. Wakaanguka kwa madaha, na mmoja wao akainuka ili aanguke mara ya pili. Sisi wenye bunduki tulicheka pia.

Hapo akasimama ajuza mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Hakupaza sauti. Alisema, "Wajukuu zangu, huyo mnayemcheka ni baba yangu. Mimi nilikuwa tumboni alipokwenda. Mpeni heshima yake, kisha endeleeni na mchezo wenu." Akakaa. Mchezo ukaendelea mpaka mwisho, lakini hakuna aliyecheka tena, wala hakuna aliyeigiza vizuri tena.

Maneno ya bibi yule tumekuwa nayo kwa muda wote wa utumishi wetu serikalini na wa kushika kalamu ya ushairi. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanze na yaliyotokea, maana hatuwezi kuamua deni kabla ya kujua mali. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za kusini mwa pwani. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya majumbe na maakida, huku mashamba yao ya chakula yakibaki na magugu, na malipo waliyopewa yalikuwa duni mno. Juu ya hayo kulikuwa na kodi, na juu ya kodi kulikuwa na kiboko. Mwaka 1904, huko Ngarambe, upande wa Rufiji mpakani mwa Umatumbi, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Ilisimuliwa kwamba aliingia katika kidimbwi cha maji, akakaa ndani yake, kisha akatoka akiwa mkavu; na kwamba pepo aliyeitwa Hongo alikuwa amempanda. Watu wakaanza kwenda kwake kutoka Umatumbi, Rufiji, Ukichi na Ungindo. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na nafaka, na akawapa neno: kwamba wao wote ni kitu kimoja, na kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Neno hilo lilienea kwa siri, kinywa kwa sikio, na Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baadaye, Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro pamoja na msaidizi wake. Tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, bunduki za rasharasha ziliwaua mamia ya wapiganaji katika siku moja. Hata hivyo vita viliendelea, vikafika Ungoni, na moto wake haukuzimika kabisa mpaka mwaka 1907. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa sehemu hizi katika miaka ya 1960, alikadiria kwamba walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Hayo ndiyo mali. Jukwaa lilipokuja kukopa, lilikopa katika hazina hiyo.

Halikuwa la kwanza kukopa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikwisha kutunga utenzi wa vita vya Maji Maji, uliochapishwa mwaka 1957. Kwa hiyo neno lile lilipita kwanza katika kinywa cha mshairi wa pwani yetu, kabla halijapandishwa jukwaani na mtoto mwingine wa pwani hiyo hiyo. Huyu ni Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943. Tamthilia yake, Kinjeketile, iliigizwa na kuchapishwa mwaka 1969, wakati idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa bado changa, na mwaka 1970 mtunzi mwenyewe aliitoa kwa Kiingereza. Tangu hapo imesomwa na kuigizwa katika shule na vyuo vya Tanzania na Kenya, kizazi baada ya kizazi. Msomaji akumbuke pia kwamba kati ya mwaka 1905 na mwaka 1969 ni miaka 64 tu. Tamthilia ile ilipoanza kuonyeshwa, wazee waliokunywa maji yale walikuwa bado hai katika vijiji vya Kilwa, Liwale na Rufiji. Mtunzi alikuwa akisema habari za watu ambao wangeweza kumjibu.

Sasa tuangalie mtunzi alifanya nini na marehemu. Wanahistoria huandika Kinjikitile. Tamthilia ikaandika Kinjeketile. Irabu mbili zimebadilika, na kwa maoni yetu ndani ya irabu hizo mbili mmekaa uhuru wote wa mtunzi. Yeye mwenyewe aliwaeleza wasomaji wake kwamba mtu wa tamthilia si mtu wa historia, bali ni kiumbe cha ubunifu wake kilichojengwa juu ya mtu aliyeishi. Na kweli, mtu huyo wa jukwaani anajua jambo ambalo mtu wa Ngarambe hakulijua. Kinjikitile wa historia alinyongwa vita vikiwa vichanga. Hakuona Mahenge. Hakuona njaa. Alikufa akiwa bado na haki ya kuamini. Kinjeketile wa jukwaani haendi haraka hivyo. Anaishi mpaka baada ya kushindwa. Tena kabla ya hapo amekwisha kuingiwa na shaka, maana katika maneno aliyoyatamka akiwa amepandwa na pepo mlikuwamo ahadi kwamba watu watakuwa chini ya Sultani wa Unguja. Naye anajiuliza ni ukombozi gani huo wa kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Anawataka watu wangoje, wajifunze vita, wazidi kuungana. Hawangoji. Mwishowe anakaa kifungoni, na wakoloni wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Hapa ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema kwamba mtunzi alimdhulumu marehemu. Shujaa aliyekufa na imani yake amepewa shaka isiyokuwa yake, na watoto wetu sasa wanamjua yule mwenye shaka kuliko yule mwenye imani. Wapo wengine wanaosema kwamba sanaa ni huru, wafu hawana tena haja, na kwamba anayetaka historia aende kwenye vitabu vya historia. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Kwa wale wa kwanza tunasema hivi. Imesimuliwa kwamba huko Mohoro, chini ya kitanzi, ilisemwa kuwa kuwanyonga hakutasaidia kitu, kwa sababu dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ukilitazama neno hilo vizuri utaona kwamba mtunzi hakwenda mbali nalo. Mtu wa kitanzi cha Mohoro alijua kwamba neno likishatoka haliwi tena mali ya aliyelisema. Mtu wa jukwaani anajua hivyo hivyo, ila yeye anajua pia gharama yake. Mtunzi hakumpa marehemu shaka ili amfedhehi, bali amempa ili amtukuze: mtu anayesimama imara huku anaona kila kitu amefanya kazi nzito kuliko yule anayesimama kwa sababu hajaona.

Tupanue mfano. Mwaka 1633, mjini Roma, mtaalamu wa nyota Galileo Galilei aliletwa mbele ya mahakama ya kanisa, akakana kwa kinywa chake kwamba dunia huzunguka jua. Alikana jambo ambalo alikuwa na hakika nalo, na akapona. Mtunzi wa Kijerumani Bertolt Brecht alilifanya tukio hilo kuwa tamthilia iliyojulikana dunia nzima. Kinjeketile wa Hussein ni kinyume chake: alikataa kukana jambo ambalo hakuwa na hakika nalo, na akafa. Ni yupi kati yao aliyefanya haki? Mwanafunzi mwepesi atasema, Galileo alidanganya, na Kinjeketile naye akadanganya, basi wote wawili ni waongo. Jibu hilo halitoshi. Waliomshika Kinjeketile hawakuwa wakitafuta ukweli kuhusu maji. Walitaka akiri jambo moja ili watangaze mawili: kwamba maji ni uongo, na kwamba umoja uliozaliwa kwa maji ni uongo vilevile. Kuna wakati mtu huombwa aseme kweli kwa faida ya uongo mkubwa zaidi, na hapo kunyamaza si kudanganya.

Hata hivyo tusimtetee Kinjeketile mpaka tukaupita ukweli. Mtu akiuliza, "Na wale ambao walikuwa bado porini wakipigana, wakiamini kwamba maji yatawakinga, nani alikuwa na wajibu wa kuwaambia?", hatuna jibu la kuturidhisha. Neno lililowaunganisha watu wa makabila mengi ni hilo hilo lililowatoa mbele ya bunduki za rasharasha. Tamthilia haikuficha ugumu huo, nasi walimu hatuna haki ya kuuficha. Kiongozi anayeachilia neno asilolijua mwisho wake ana hesabu ya kutoa, hata kama ni shujaa. Kuliangalia jambo hili kwa macho makavu hakumpunguzii marehemu heshima. Kumfanya malaika ndiko kunakompunguzia, kwa sababu malaika hana analolishinda.

Sasa tugeukie wa upande wa pili, wanaosema kwamba wafu hawana haja. Hao tunawapeleka kwa yule bibi wa siku ya wazazi. Kama wafu hawana haja, yeye alikuwa akidai nini? Hakusema kwamba mtunzi ameongopa. Hakutaka mchezo usimame; aliagiza uendelee. Alichodai ni kwamba baba yake asichekwe. Na hapo inafaa tuulize kicheko kile kilitoka wapi, kwa maana katika kitabu hakimo.

Jibu tulilipata miaka mingi baadaye, tuliposoma tena tamthilia ile kwa utulivu. Inaanza na wanawake. Bi Bobali na Bi Kinjeketile wanazungumza habari za maisha yalivyo magumu: chakula hakuna, waume wamechukuliwa kwenda kulima shamba la bwana, nyumba imebaki na mikono mitupu. Mtazamaji anaiona njaa kabla hajauona mkuki. Kisha anamwona Kitunda, na binti yake Chausiku anayetamaniwa na mwenye nguvu, na baba asiyeweza kumkinga mtoto wake. Baada ya hayo, maji yanapokuja, mtazamaji haoni tena ujinga. Anaona watu waliokwisha kufungiwa milango yote, na mlango mmoja umefunguka. Wewe ungefanya nini?

Katika mchezo wetu sehemu hiyo ya wanawake iliondolewa. Tuliambiwa kwamba ni ndefu, kwamba ni maongezi tu ya jikoni, na kwamba wazazi wanataka kuona vita. Basi tukawaonyesha vita bila njaa, maji bila kiu, na watu wanaokimbilia risasi pasipo sababu. Mtu anayekimbilia kifo pasipo sababu huchekesha. Kicheko kile tulikitengeneza sisi wenyewe kwa kalamu ya kufuta. Na aliyesimama kukikemea alikuwa mwanamke, mmoja wa wale wale tuliowafuta.

Ndiyo maana tunaona kwamba historia ya jukwaa letu haiwezi kusimuliwa vizuri bila kuwataja watunzi wanawake. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama, alianza kuchapisha tamthilia zake miaka michache tu baada ya Kinjeketile: Hatia mwaka 1972, Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974. Mwaka 1982 ilitoka Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji kimoja wanahangaika kuisimamisha nguzo iliyoanguka, na msimulizi wa habari yao ni mwanamke. Maongezi ya jikoni yaliyofutwa katika mchezo wetu yalikuwa ndiyo moyo wa tamthilia hiyo. Katika miaka ya 1982 na 1983 yeye, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, katika mkoa wa Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakawauliza matatizo yao, na mchezo ukatungwa na kuchezwa na wenyeji wenyewe kwa ngoma na masimulizi yao. Mtu aliyeigizwa alikuwa papo hapo, na kama hakutendewa haki aliweza kusema. Njia hiyo ilikuwa imeliona deni tunalolizungumza: kabla ya kumsema mtu, msikilize.

Je, basi tuseme kwamba hairuhusiwi kumpandisha marehemu jukwaani mpaka ukoo wake utoe idhini? Tulipata kulifikiri hilo, tukaliacha. Kwanza, askari tulioigiza sisi hawakuwa Wazungu wote. Wengi walikuwa Waafrika, na wajukuu wao wamo nchini, huenda walikuwamo ukumbini siku ile. Maakida na majumbe nao wana wajukuu. Tukisema kila ukoo uwe na haki ya kuzuia, hakuna mdhalimu atakayesemwa, na historia itabaki kuwa sifa za kila mtu kwa babu yake. Pili, Kilwa ina wafu wengi ambao wangenyamaza kabisa kama wasingesemewa. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, na hata sasa wanafunzi wengi wa nchi hii hawajalisikia jina lake. Marehemu anaweza kudhulumiwa kwa kusemwa, na anaweza kudhulumiwa zaidi kwa kutosemwa.

Kwa hiyo kipimo tunachokipendekeza si idhini. Kipimo chetu ni hiki: kama marehemu mwenyewe angeketi ukumbini, je, angesema, "Sikukubali hukumu yao, lakini kesi yangu imesikilizwa"? Katika baraza la wazee mtu anaweza kushindwa kesi akarudi nyumbani na heshima yake, kwa sababu alipewa nafasi ya kueleza. Asiyepewa nafasi hiyo hata akishinda ameonewa. Jukwaa ni baraza la namna hiyo. Mwandishi anaweza kubadilisha irabu mbili, anaweza kuongeza miezi katika maisha ya mtu, anaweza kumpa shaka. Lakini hana ruhusa ya kumnyima sababu zake. Kwa kipimo hicho Ebrahim Hussein amelipa deni lake. Sisi wa siku ya wazazi hatukulipa.

Kipimo hiki hakihusu rafiki peke yake. Wayunani wa kale walikuwa na mtunzi aliyeitwa Aeschylus. Mwaka 480 kabla ya Kristo mji wake wa Athens ulipigana na Waajemi na kuwashinda baharini huko Salamis. Miaka minane baadaye alitunga tamthilia juu ya vita hivyo, naye hakuwaonyesha Wayunani wakishangilia. Aliwaonyesha Waajemi wakilia, mama wa mfalme akingoja habari za mwanawe. Waliokaa kutazama ndio waliowaua. Kama mshindi aliweza kumpa adui nafasi ya kulia mbele yake, sisi tunashindwaje kumpa babu yetu nafasi ya kufa pasipo kuchekwa? Na askari wa Kiafrika naye, tunapomwigiza, tumpe sababu zake: mshahara, woga, kuchukuliwa mbali na kwao. Kumwelewa si kumsamehe.

Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mahali waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906, akakutana na watu wa ukoo wa Chifu Songea Mbano, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Tuliisikia habari hiyo kwa furaha. Lakini tulikumbuka ukumbi wa shule, debe na fimbo. Mwenye kuua ameomba radhi kwa kuua. Mwenye kucheka ataomba radhi lini?

Walimu wenzetu, kwa kuwa ninyi pia mnafanya kazi ya utamaduni ingawa mnakaa idara nyingine, tungependa kuwaachia mambo machache ya kutenda. Mnapoifundisha au kuiigiza tamthilia hii, au nyingine yoyote ya watu waliopata kuishi, msiikate sehemu ya njaa ili mfike upesi kwenye vita. Muda ukiwa mfupi, kateni vita. Kabla ya mazoezi wapelekeni wanafunzi kwa wazee wa kijiji wakaulize. Waliokunywa maji hawapo tena, lakini wajukuu na vitukuu wapo, na katika sehemu nyingi za Kilwa na Liwale masimulizi hayajakauka. Kila mwanafunzi atakayeanguka jukwaani aambiwe kwanza anayeanguka ni nani: ana shamba wapi, amemwacha nani nyumbani, jana alikula nini. Sisi hatukuambiwa, na tuliodhani tunaigiza watu tulikuwa tunaigiza magunia.

Mkishamaliza mchezo, msiwaruhusu watazamaji kuondoka mara moja. Waulizeni: aliyekataa kukana alifanya haki? Aliyeamini alikuwa mjinga? Wewe unaamini nini leo ambacho vitukuu vyako watakuja kukicheka? Msiwape jibu. Hata sisi hatuna jibu moja, na tumekuwa tukilitafuta tangu tukiwa na masizi mikononi.

Yule bibi hatukumfuata baada ya mchezo. Tulimwona akitoka na mjukuu wake, akapita karibu yetu pale tulipokuwa tumesimama na zile mbao zetu. Tuliona haya kumwamkia. Hatukumuuliza jina la baba yake, kwa hiyo hatulijui. Ninyi mlio bado shuleni, mkimwona mzee wa namna hiyo amekaa nyuma ya ukumbi, mwendeeni, mwamkieni, na jina la baba yake mliulize kabla pazia halijafunguliwa.